Mwanangu ni kipa, lakini mifupa yake inasema ana miaka 12

BARUA

Bibi mshauri, shikamoo.

Mimi ni fundi uashi, naishi Tanga na mke wangu na watoto watatu. Anayenifanya nikuandikie ni wa katikati, mvulana wa miaka 14 na nusu. Huyu tangu ajue kukimbia hana mchezo mwingine zaidi ya kudaka. Siku akipangua penalti, wenzake humbeba mabegani. Kumbeba si kazi, na hiyo ndiyo shida yenyewe: ni mfupi. Ana sentimita 145. Mdogo wake wa kike amempita, na wageni wakija nyumbani humsalimia binti kwanza wakidhani ndiye mkubwa. Sauti yake bado ya kitoto, wakati darasani mwake wapo walioanza kuota ndevu.

Mwanzoni mwa mwaka tulimpeleka hospitali. Walimpima damu, wakaangalia sikoseli, figo, tezi ya shingo na homoni zake, wakasema vyote viko sawa. Kisha wakampiga eksirei ya mkono wa kushoto, kiganja na kifundo. Daktari akaiweka kwenye mwanga, akaifananisha na picha za kitabu fulani, akasema: "Mtoto ana miaka 14, lakini mifupa yake ina miaka 12." Akasema huyu ni wa kuchelewa tu, si mgonjwa, tusubiri, turudi baada ya miezi sita. Akatupima na sisi wazazi, mimi sentimita 163, mama yake 160, akakadiria kwamba kijana anaweza kufika 167 au 168, na kwamba hiyo si ahadi.

Hatujarudi. Kabla miezi sita haijaisha, shemeji yangu, kaka wa mke wangu anayefanya kazi Maskati, alinunua kisanduku cha sindano za homoni ya ukuaji akakituma na mtu aliyekuja likizo. Kilifika kimeviringishwa kwenye taulo ndani ya begi. Sasa kiko kwenye friji ya duka la mke wangu, kati ya soda na barafu za ubuyu. Shemeji anasema hata Messi alichomwa hizo hizo. Kijana wa duka la dawa mtaani amekubali kuja kumchoma kila usiku. Mke wangu anataka tuanze hata leo.

Mimi nimekataa, au niseme nimekuwa nikipiga chenga. Siku moja mke akaniambia neno ambalo halijanitoka moyoni: "Wewe ni mfupi, unataka na mtoto abaki hivyo ili usiwe peke yako." Bibi, mimi nilimaliza darasa la saba naonekana wa darasa la nne. Marehemu baba akaniambia nisubiri, nitakua. Nikasubiri, nikafika hapa nilipo. Kwa hiyo hilo neno "subiri" nikimwambia mwanangu, mwenyewe siliamini.

Tena kuna akademi inafanya majaribio mwezi Desemba. Kocha wake alinivuta pembeni akasema tukitafuta cheti kinachoonyesha ana miaka 12, kimo chake kitaonekana cha kawaida, na hata wakimpima mifupa atapita, maana mifupa yake ndivyo inavyosema. Sikumjibu.

Juzi mtoto mwenyewe kaniuliza: "Baba, dawa iko pale, kwa nini unaninyima?" Nikajifanya nina haraka ya kwenda kazini. Nifanye nini?

Baba Kipa, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeirudia, na kila nikiirudia naona kwamba anayeumia humo si kijana peke yake. Una mtoto anayechelewa kukua, una dawa iliyotangulia kufika kabla ya ushauri wa daktari, na una kidonda chako cha utotoni ambacho mkeo, bila shaka kwa hasira, alikigusa pale pale panapouma. Mambo haya yamekaa chumba kimoja, kila moja likisemea lingine. Mimi siwezi kukuamulia kuhusu mwanao, wala sitajaribu. Ninachoweza ni kukaa nawe tuyaangalie moja moja.

Nianze na ile eksirei, kwa sababu nadhani mliipokea kama hukumu. Mtu mzima ana mifupa 206, na zaidi ya nusu yake iko kwenye mikono na nyayo. Ndiyo sababu madaktari hupenda kupiga kiganja: picha ndogo, mifupa tele. Ukimpiga mtoto mchanga, vile vifupa vinane vya kifundo cha mkono huvioni kabisa, kwa kuwa bado ni gegedu, yaani kitu laini kama cha sikio, na gegedu haitokei kwenye picha. Vinajitokeza kimoja kimoja kadiri miaka inavyokwenda, kwa mpangilio unaofahamika. Halafu kuna mifupa mirefu, ya vidole, ya mkono, ya paja, ya muundi. Karibu na ncha zake mtoto ana ukanda mwembamba wa gegedu unaoitwa sahani ya ukuaji, na kwenye eksirei huonekana kama mstari mweusi. Urefu wote wa miguu yetu ulitengenezwa hapo. Seli za gegedu hugawanyika, hujipanga safu, hutanuka, kisha mahali pake panageuka mfupa mgumu huku safu nyingine zikija. Wewe fundi utanielewa upesi: ukuta hupanda kozi kwa kozi, lakini ukishaezeka hakuna kozi tena. Mstari ule mweusi ukifutika, mfupa umeshaezekwa.

Sasa mtazame mwanao upya. Wale wenzake wenye ndevu mistari yao iko njiani kufungwa. Ya kwake iko wazi. Daktari aliposema "miaka 12" alikuwa anakueleza muda uliobaki, ila ninyi, na siwalaumu, mlisikia upungufu. Vilevile msiishike hiyo 12 kama tarehe ya cheti. Kitabu kinachotumika zaidi duniani kwa kazi hiyo, cha Greulich na Pyle kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1950, kilitokana na picha za watoto wa Kizungu wa familia zenye uwezo mjini Cleveland, Marekani, nyingi zikiwa za miaka ya 1930. Si watoto wa Tanga. Makadirio yake yanaweza kupanda au kushuka kwa mwaka mmoja hivi bila kuwapo kosa lolote.

Na nani anaamuru kozi zipande? Chini ya ubongo kuna tezi inayoitwa pituitari, ndogo kama punje ya njegere. Hutoa homoni ya ukuaji kwa vipindi, nyingi usiku mtoto akiwa kwenye usingizi mzito, na homoni hiyo huliamsha ini na mifupa yenyewe kutengeneza kichocheo kingine kinachoifanya sahani ifanye kazi. Homoni ya tezi ya shingo lazima iwepo, na chakula lazima kiwepo, la sivyo amri inatolewa na hakuna wa kuitekeleza. Kisha inakuja balehe. Mvulana anaanza kutoa testosteroni, homoni ya kiume, na hapo anaweza kuchupa sentimita 9 au zaidi kwa mwaka, wakati kabla ya hapo alikuwa akiongeza kama 5. Lakini sehemu ya testosteroni mwilini hugeuzwa kuwa estrojeni, ile ambayo wengi tunaijua kuwa ni ya wanawake, na ni hiyo estrojeni inayozifunga sahani hata kwa wanaume. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanamume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuisikia estrojeni. Alikuwa na sentimita 204 na bado alikuwa anarefuka, mifupa yake ikisomeka kama ya kijana wa miaka 15. Kwa hiyo kinachoharakisha ndicho kinachofunga. Anayewahi kubalehe huwapita wenzake mapema na kusimama mapema, na anayechelewa hufuata nyuma yao kwa miaka, mara nyingi akiwa analia kimyakimya.

Hapo ndipo naomba nikuulize, bila kukuvunjia heshima. Una uhakika kwamba kilichokufanya uwe na 163 ni kusubiri? Kuchelewa ni habari ya lini, na kimo cha mwisho ni habari ya kiasi gani. Mara nyingi mambo haya mawili hutoka kwa wazazi, lakini si kitu kimoja. Hesabu ya madaktari kwa mvulana ni hii: kimo cha baba, jumlisha cha mama, ongeza 13, gawa kwa mbili. Yenu inaleta 168. Anaweza kushuka au kupanda sentimita 8 au 9 kutoka hapo, na waliochelewa wengine hutua chini kidogo ya hesabu hiyo, lakini utaona kwamba daktari wako hakuokota namba hewani. Marehemu baba yako alikuambia subiri. Hakukuambia unasubiri nini, wala utafika wapi. Nadhani hilo ndilo lililokuuma kuliko kusubiri kwenyewe.

Tuje kwa Messi, maana shemeji yako hakusema uongo. Messi aligundulika akiwa na miaka kama 10 kwamba mwili wake haukutoa homoni ya ukuaji ya kutosha. Alichomwa kila usiku kwa miaka, chini ya madaktari, na leo ana sentimita 170 hivi. Kwake dawa ilirudisha kilichopungua. Mwanao alipimwa na tezi yake ikaonekana inafanya kazi. Je, dawa hiyo ina faida kwa mtoto mfupi asiye na upungufu? Swali la haki, na jibu lipo: Marekani iliiruhusu mwaka 2003 kwa watoto wafupi sana wasio na upungufu, na kwa wastani baada ya miaka minne na kuendelea ya sindano za kila usiku huongeza kama sentimita 4 hadi 7. Wapo wanaopata zaidi, wapo wasiopata kitu. Kuna familia zinazoona sentimita hizo zinastahili gharama. Mkeo akiona hivyo hajarukwa na akili.

Ila angalia mlicho nacho mkononi. Kipimo cha dawa hii hutegemea uzito wa mtoto na hubadilishwa kadiri anavyokua. Kisanduku kimoja kitakwisha, na baada yake? Dawa yenyewe ni protini, inatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, isipate joto wala isigande. Ilisafiri ndani ya taulo, na sasa inakaa kwenye friji inayogandisha barafu za ubuyu, ambayo wateja wanaifungua mchana kutwa, umeme ukikatika nayo imo. Inawezekana mnachobishania nyumbani kwenu hakina nguvu tena. Na soko la homoni hii lina bidhaa bandia nyingi, kwa kuwa wanyanyua vyuma nao wanaitafuta.

Kijana wa duka la dawa anaweza kuchoma sindano vizuri, sina shaka naye. Lakini mtoto akianza kuumwa kichwa kikali na kuona ukungu, nani atajua kwamba shinikizo kichwani limepanda? Akichechemea na kulalamika nyonga au goti, nani atakumbuka kwamba kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza pale kwenye sahani? Sukari ya damu inapaswa kuangaliwa, uti wa mgongo pia kama umeanza kupinda. Madhara haya hayawapati wengi, lakini ndiyo sababu wanaotumia dawa hii hurudi kliniki kila miezi michache. Tena kwa mchezaji kuna jambo la ziada: homoni ya ukuaji imo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni, na anayeihitaji kwa ugonjwa huombewa kibali maalumu. (Woga mmoja naweza kukuondolea. Zamani ilitolewa kwenye tezi za maiti, na baadhi ya waliochomwa walipata ugonjwa wa ubongo usiopona. Njia hiyo ilisimamishwa mwaka 1985, siku hizi inatengenezwa maabara.)

Ipo njia nyingine ambayo hamkutajiwa, au ilitajwa mkaisahau. Kwa mvulana aliyevuka miaka 14 bila kuanza kubalehe, madaktari wa homoni wakati mwingine hutoa testosteroni kidogo, sindano moja kwa mwezi kwa miezi mitatu hadi sita, ili kuuamsha mwili. Haimwongezei kimo cha mwisho. Inamletea mapema kile ambacho kingekuja, na kwa kijana anayetaabika moyoni hilo linaweza kuwa jambo kubwa. Hatari yake umeshaielewa kutokana na niliyosema juu: ikizidi kipimo, inawahisha kufunga sahani. Hii ni ya kujadiliwa na daktari tu, na nakusihi isije ikatumwa kutoka Maskati.

Na kusubiri? Daktari alisema mrudi baada ya miezi sita, nanyi hamkurudi. Basi hamkuwa mnasubiri kama alivyomaanisha. Kusubiri kwa kitabibu ni kupima. Mtoto asimamishwe ukutani bila viatu, visigino vikigusa ukuta, saa zile zile za asubuhi, kwa sababu jioni pingili za mgongo zinakuwa zimebonyea na mtu hupungua sentimita moja au zaidi. Mwandike na tarehe, kila baada ya miezi mitatu au sita. Akiongeza chini ya sentimita 4 kwa mwaka, kuna kitu kinahitaji kutafutwa upya, na hapo yote niliyoandika yanabadilika. Alale vya kutosha, ale dagaa, maharage, mayai na maziwa mnavyoweza. Kuning'inia kwenye chuma hakurefushi mifupa, aachane nako kama ameambiwa hivyo. Kusubiri nako kuna bei yake, nisikufiche: majaribio ya Desemba yanaweza kumpita, na utani wa shule hauishi kwa kuelezwa habari za gegedu.

Kuhusu udakaji sitaki kumpamba. Goli lina urefu wa mita 2.44 na makocha hupenda mikono mirefu. Jorge Campos aliidakia Mexico kwenye Kombe la Dunia la 1994 akiwa na kimo kinachoandikwa sentimita 168, ile ile mnayokadiria, na wengine humkumbuka pia kwa jezi zake za rangi kali alizozibuni mwenyewe. Lakini anatajwa hivyo kwa kuwa hawako wengi kama yeye. Mwanao anaweza kulijua hilo na bado akapenda kudaka.

Cheti. Kocha amesema kweli kuhusu mifupa: kipimo cha kifundo cha mkono ambacho FIFA ilianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009 hunasa wale ambao sahani zao zimeshafunga, na mwanao asingenaswa. Lakini cheti hakiishii uwanjani. Kitamfuata kwenye mtihani, kwenye kitambulisho, kwenye pasi ya kusafiria, na atakuwa amejifunza kutoka kwa baba yake kwamba umri wake halisi ni kitu cha kuficha. Sheria unaijua. Ulinyamaza mbele ya kocha, na naona moyo wako ulikuwa umeshajibu.

Neno la mkeo nalo tuliangalie. Unaamini kweli kwamba anakudharau? Mama anayemwona mwanawe akipitwa na mdogo wake kila siku, na dawa iko ndani ya friji yake, hushika kilicho karibu akarusha. Na yeye hajui ulivyokaa darasani ukionekana mtoto. Pengine hujawahi kumsimulia, umemwonyesha tu kwamba hutaki. Jioni moja mweleze, kabla ya kuzungumzia sindano. Ukimwambia "nilisubiri bila kuelezwa, sitaki naye apitie hivyo" mtakuwa mnasema kitu kimoja ninyi wawili. Shemeji naye ametoa fedha zake kwa upendo. Mkikipeleka kisanduku chake kwa daktari na kuuliza "hiki ni nini, kinafaa?" hamtakuwa mmekitupa, na jibu litatoka kwa mtu ambaye si wewe. Madaktari wa homoni za watoto nchini ni wachache, ila wapo, na kutoka Tanga mnaweza kuandikiwa rufaa kwenda Muhimbili.

Yule kijana bado anangoja jibu lako. Ana miaka 14 na nusu, anaweza kuelewa sahani ya ukuaji kuliko wengi wetu. Iombe ile eksirei muishike naye kwenye mwanga wa dirisha, umwonyeshe mistari iliyo wazi, umwambie na kimo kinachokadiriwa bila kukiongeza. Mkirudi kliniki mwachieni kiti cha mbele aulize mwenyewe: nitabalehe lini, ile sindano ya miezi mitatu ni ya watu kama mimi, mimi na kudaka itakuwaje. Kisha mtakaa watatu muamue, naye akiwa na sauti. Nenda na vipimo vya kimo vya karibuni, na kama mnacho, kadi yake ya kliniki ya utotoni, kwani daktari atataka kuona amekuwa akipanda vipi tangu mwanzo. Ukishapata majibu niandikie tena.